Kitambaa cha vyombo cha kimia

Kitambaa cha vyombo cha kimia ni kitambaa kidogo cha jikoni kinachofumwa kwa mkono kwa uzi wa pamba na sindano mbili, chenye matundu yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu. Hutumika kuoshea vyombo, kufutia meza na kusafisha sehemu za kupikia. Kwa kawaida kina umbo la mraba wenye upande wa sentimita 20 hadi 25.

Matundu ya kitambaa hiki ni pambo, lakini yana kazi pia. Kitambaa chenye matundu kina uzi mdogo zaidi kwa eneo lilelile, hewa hupita ndani yake, na kwa hiyo hukauka haraka kuliko kitambaa kilichofumwa bila nafasi. Jambo hilo ni muhimu kwa afya, kwa kuwa kitambaa cha jikoni kinachokaa na unyevu huwa makao ya bakteria.

Kwa wanaojifunza kufuma, kitambaa hiki ni kazi ya kwanza inayofaa. Kinahitaji uzi kidogo, humalizika kwa siku chache, na hata kikiwa na kosa bado kinaosha vyombo.

## Maana ya kimia

Kimia, au lesi, ni kitambaa chenye matundu yaliyokusudiwa ambayo yakiwa pamoja huunda picha au mchoro. Kimia hutengenezwa kwa njia mbalimbali: kwa sindano ya kushonea, kwa vijiti vingi vyenye nyuzi, kwa kroshia, kwa mashine, au kwa sindano ndefu za kufumia. Makala hii inahusu njia ya mwisho.

Kufuma kwa sindano mbili hutofautiana na kroshia. Katika kroshia mfumaji hutumia chombo kimoja chenye ncha ya ndoano na humaliza kitanzi kimoja kabla ya kuanza kingine. Katika kufuma kwa sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari mmoja hukaa kwenye sindano kwa wakati mmoja, na mfumaji huvihamisha kimoja kimoja kutoka sindano ya kushoto kwenda ya kulia. Vitambaa vya kupambia makochi na meza vinavyoonekana katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kwa kawaida ni kazi ya kroshia.

## Historia

Miongoni mwa vitu vya kale zaidi vilivyofumwa kwa sindano na kubaki hadi leo ni vipande vya soksi vya pamba vilivyopatikana Misri. Vingi vina rangi ya buluu na nyeupe, na vinakadiriwa kuwa vya kati ya karne ya 11 na karne ya 14. Kwa hiyo pamba imo katika historia ya ufumaji tangu mapema sana, ingawa baadaye huko Ulaya sufu ya kondoo ilitumika zaidi kwa sababu ya baridi.

Ufumaji wa kimia kwa sindano ulistawi sana katika karne ya 19. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wanawake walifuma shali za sufu nyembamba sana hivi kwamba shali nzima iliweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa. Kazi za Shetland zilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. Orenburg nchini Urusi na Haapsalu nchini Estonia zilijulikana pia kwa shali zao za kimia.

Wakati huohuo vitabu vya mifumo vilianza kuchapishwa. Jane Gaugain wa Edinburgh alitoa kitabu chake *The Lady's Assistant* mwaka 1840, na Frances Lambert alitoa *My Knitting Book* mjini London mwaka 1843. Gaugain alitumia alama fupi badala ya maelezo marefu, hatua iliyosaidia mifumo ya kimia kuandikwa na kusomwa kwa urahisi. Katika karne hiyo pamba nyeupe ilifumwa kuwa mashuka ya juu ya kitanda, vitambaa vya meza na pindo za nguo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wafumaji nchini Marekani walifuma vitambaa vya kunawia vya pamba kwa ajili ya askari na wagonjwa, pamoja na soksi na sweta. Baadaye uzi mnene wa pamba uliotengenezwa kwa matumizi ya jikoni ulienea madukani katika Amerika ya Kaskazini. Mmojawapo unaofahamika sana ni ule wa Lily Sugar 'n Cream. Leo vitambaa vya vyombo vya kufuma hupendwa pia nchini Denmark, Sweden na Norwei, ambako mara nyingi hutolewa kama zawadi pamoja na kipande cha sabuni.

## Uzi

Uzi unaofaa ni wa pamba tupu. Zaidi ya asilimia 90 ya unyuzi wa pamba ni selulosi, ambayo hunyonya maji kwa urahisi. Pamba ina sifa nyingine isiyo ya kawaida: inapolowa huwa imara zaidi kuliko ikiwa kavu. Pia huvumilia maji yanayochemka na sabuni kali, na hilo huwezesha kitambaa kuchemshwa mara nyingi bila kuharibika upesi.

Sufu haifai kwa kazi hii. Ikisuguliwa katika maji ya moto hujikunja, hugandamana na kuwa ngumu, na matundu hupotea. Akriliki na poliesta hazinyonyi maji vizuri. Aghalabu husukuma maji mezani badala ya kuyachukua. Akriliki pia huharibika kwa joto kali, na nyuzi zake zinapochakaa huacha vipande vidogo vya plastiki ndani ya maji machafu.

Uzi wa pamba wenye kung'aa hupatikana kwa kuuzamisha katika magadi makali ya viwandani, njia iliyopewa hataza kwa John Mercer wa Uingereza mwaka 1850. Uzi huo ni mzuri kwa nguo na mapambo, lakini kwa vyombo wafumaji wengi huchagua pamba isiyong'aa, kwa kuwa uso wake wenye manyoya kidogo hushika uchafu vizuri zaidi.

Katika Afrika Mashariki, nyuzi nyingi za kufumia zinazouzwa madukani ni za akriliki, hata pale zinapoitwa "sufu" kwa mazoea. Kama uzi hauna maandishi, kipande kifupi kinaweza kupimwa kwa moto, mbali na vitu vinavyoshika moto. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Kitambaa kimoja huhitaji takriban gramu 40 za uzi wa unene wa kati. Rangi ya giza ambayo haikushika vizuri huweza kutoka katika maji ya moto, hivyo uzi mpya wa rangi hiyo huoshwa peke yake kwanza.

## Sindano

Kwa uzi wa unene wa kati hutumika sindano mbili zenye kipenyo cha milimita 4 hadi 5. Sindano nyembamba zaidi hutoa kitambaa kigumu chenye matundu madogo. Sindano nene zaidi hutoa kitambaa kilegevu.

Pamba hainyumbuki kama sufu. Mfumaji aliyezoea sufu huona vidole vikichoka haraka, kwa kuwa uzi haurudi wenyewe unapovutwa. Sindano za mianzi au mbao hushikilia vitanzi vya pamba visiteleze, na kwa sababu hiyo humfaa anayeanza. Sindano za chuma huteleza zaidi na humfaa mwenye mkono mwepesi.

Vitu vingine vinavyohitajika ni mkasi, rula au futi ya fundi cherehani, na sindano butu yenye tundu kubwa kwa ajili ya kuficha ncha za uzi.

## Jinsi matundu yanavyopatikana

Kimia cha sindano hujengwa kwa vitendo viwili vinavyopingana.

* Kuzungusha uzi. Uzi hupitishwa juu ya sindano ya kulia kabla ya kufuma kitanzi kinachofuata. Katika mstari unaofuata, mzunguko huo hufumwa kama kitanzi cha kawaida, na chini yake hubaki tundu. Kila mzunguko huongeza kitanzi kimoja.
* Kufuma viwili pamoja. Sindano ya kulia huingizwa ndani ya vitanzi viwili kwa mara moja na kuvifuma kama kimoja. Kila tendo la namna hii hupunguza kitanzi kimoja.

Matundu yakiongezwa bila kupunguza vitanzi, kitambaa hupanuka kila mstari. Vitanzi vikipunguzwa bila kuongeza, kitambaa huwa chembamba. Kwa hiyo kanuni ya kimia chenye kingo zilizonyooka ni moja: idadi ya mizunguko na idadi ya vitanzi vilivyounganishwa katika mstari lazima zilingane. Mchoro wowote, uwe wa majani, mawimbi au almasi, hutokana na mahali vitendo hivi viwili vinapowekwa.

Si lazima vitendo hivyo vikae jirani. Vikikaa jirani, tundu hutokea na mistari hubaki imenyooka. Vikitenganishwa, vitanzi vilivyo kati yake huinama upande mmoja, na hapo ndipo mawimbi hupatikana.

Pamoja na hayo mfumaji anahitaji vitanzi viwili vya msingi. Kitanzi cha mbele hufumwa uzi ukiwa nyuma ya sindano. Kitanzi cha nyuma hufumwa uzi ukiwa mbele ya sindano. Kitambaa kilichofumwa kwa kitanzi cha mbele katika kila mstari huwa na matuta pande zote mbili na hulala bapa. Kikifumwa mstari mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma kwa kupokezana, uso wake huwa laini lakini kingo hujikunja. Ndiyo sababu vitambaa vya kimia huzungushiwa ukingo wa matuta.

## Mfumo wa mawimbi

Mfumo huu hutoka Shetland, ambako hujulikana kwa jina la Old Shale. Hurudiwa kila vitanzi 18 na kila mistari minne, na ni mstari mmoja tu kati ya minne wenye matundu. Kitambaa cha vitanzi 42 huwa na marudio mawili ya mfumo (vitanzi 36) na ukingo wa vitanzi vitatu kila upande. Upana wake hufikia karibu sentimita 23.

Baada ya kutia vitanzi 42 kwenye sindano, mistari minne ya kwanza hufumwa yote kwa kitanzi cha mbele ili kupata ukingo wa chini. Kisha hufuata mistari minne ya mfumo:

1. Mstari wa kwanza: vitanzi vyote 42 ni vya mbele.
2. Mstari wa pili: vitatu vya mbele, 36 vya nyuma, vitatu vya mbele.
3. Mstari wa tatu: vitatu vya mbele, kisha mara mbili [viwili pamoja mara tatu, zungusha uzi na fuma kitanzi kimoja cha mbele, mara sita, viwili pamoja mara tatu], mwisho vitatu vya mbele.
4. Mstari wa nne: vitanzi vyote 42 ni vya mbele.

Katika mstari wa tatu kila rudio huunganisha vitanzi mara sita na kuzungusha uzi mara sita, hivyo vitanzi hubaki 18. Kuhesabu vitanzi mwishoni mwa mstari huu ndiyo njia rahisi ya kugundua kosa kabla halijaenda mbali.

Mistari hii minne hurudiwa mpaka kitambaa kikaribie umbo la mraba, kwa kawaida mara 12 au 13. Kazi humalizwa kwa mistari minne ya kitanzi cha mbele, kisha vitanzi hufungwa. Vikifungwa kwa kubana, ukingo wa juu huvutwa na kitambaa hupinda. Kwa hiyo vitanzi hufungwa kwa mkono mlegevu.

## Mfumo wa mshazari

Mfumo huu ni mwepesi zaidi na umeenea sana Amerika ya Kaskazini, ambako umepitishwa kwa vizazi kwa majina kama Grandmother's Favorite. Kitambaa huanzia pembeni kwenye kona moja na kuishia kwenye kona ya mkabala. Hakina haja ya kitanzi cha nyuma, na matundu yake hujipanga kandokando ya kingo zote nne.

1. Vitanzi vinne hutiwa kwenye sindano na kufumwa mstari mmoja wa mbele.
2. Kila mstari unaofuata: viwili vya mbele, zungusha uzi, kisha vya mbele hadi mwisho. Kila mstari huongeza kitanzi kimoja. Hurudiwa mpaka vitanzi vifike 46.
3. Kuanzia hapo, kila mstari: kimoja cha mbele, viwili pamoja, zungusha uzi, viwili pamoja, kisha vya mbele hadi mwisho. Kila mstari hupunguza kitanzi kimoja. Hurudiwa mpaka vibaki vinne.
4. Vitanzi vinne vya mwisho hufungwa.

Faida ya mfumo huu ni kwamba ukubwa haupangwi kabla. Mwenye uzi kidogo hupima bonge lake: nusu ya uzi inapokwisha, huacha kuongeza na kuanza kupunguza, hata kama vitanzi havijafika 46.

Nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mfumo huu huonyesha wazi kanuni ya kimia. Katika nusu ya kwanza kuna mzunguko mmoja usiolipwa, na kitambaa hupanuka. Katika nusu ya pili kuna mzunguko mmoja dhidi ya miunganisho miwili, na kitambaa hupungua.

## Makosa ya kawaida

* Idadi ya vitanzi kupungua. Mara nyingi mzunguko mmoja umesahaulika au umeanguka kwenye sindano. Katika mstari unaofuata, uzi uliolala kati ya vitanzi viwili huweza kuinuliwa kwa ncha ya sindano na kufumwa kama mzunguko uliokosekana.
* Idadi ya vitanzi kuongezeka. Hutokea uzi unapoachwa mbele ya sindano bila kukusudia na kuzunguka wenyewe. Dalili yake ni tundu lililo nje ya mchoro.
* Kitanzi kudondoka. Katika kimia kitanzi kilichodondoka ni vigumu kukipandisha, kwa sababu njia yake hukatizwa na matundu. Wafumaji wengi hupitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote baada ya kila marudio machache. Kosa likitokea, kazi hufumuliwa mpaka kwenye uzi huo tu.
* Mafundo. Fundo katika pamba hufunguka kwa kusuguliwa. Ncha za uzi huachwa na urefu wa sentimita 15 hivi, kisha hushonwa kwa kwenda na kurudi ndani ya ukingo wa matuta.
* Matundu makubwa mno. Meno ya uma na ncha za visu hunasa ndani yake. Tundu linalofaa ni lile lisilopitisha ncha ya kidole kidogo.

Shali za kimia hulowekwa, huvutwa na kubanwa kwa pini mpaka zikauke ili mchoro uonekane. Kitambaa cha vyombo hakihitaji kazi hiyo, kwa kuwa kitaloweshwa na kukamuliwa kila siku. Kwa hiyo huchaguliwa mifumo inayoonekana bila kuvutwa, kama hiyo miwili iliyoelezwa.

## Matumizi na usafi

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka 2001, linataja vitambaa vya kufutia pamoja na mikono na vyombo miongoni mwa vitu vinavyobeba vijidudu hatari. Kitambaa kilichofuta maji ya nyama mbichi ya kuku kinaweza kuhamisha bakteria kama *Salmonella* na *Campylobacter* hadi kwenye sahani itakayopakuliwa chakula kilichoiva.

Kitambaa cha kimia hakiui bakteria. Kinachosaidia ni kukauka kwake upesi na uwezo wake wa kuchemshwa. Utaratibu unaofaa ni huu:

* kutumia kitambaa kisafi kila siku, na kuwa na vitambaa kadhaa vya kubadilisha;
* kutotumia kitambaa cha vyombo kufutia nyama mbichi, samaki wabichi au sakafu;
* kukisuuza, kukikamua na kukitandaza baada ya kila matumizi badala ya kukiacha kimekunjwa ndani ya beseni;
* kukifua katika maji ya nyuzi 60 za selsiasi au zaidi, au kukichemsha sufuriani kwa dakika kadhaa;
* kukianika juani mpaka kikauke kabisa.

Dawa ya kung'arishia yenye klorini huua vijidudu, lakini ikitumika mara kwa mara au bila kuchanganywa na maji ya kutosha hudhoofisha nyuzi za pamba. Vilainishi vya nguo havifai, kwa kuwa huacha tabaka linalopunguza unyonyaji wa maji. Kitambaa kipya hupungua ukubwa kidogo katika kufuliwa mara ya kwanza.

Kitambaa kinachoendelea kunuka hata baada ya kuchemshwa, au kilichokatika nyuzi, huondolewa jikoni. Kikiwa cha pamba tupu huoza ardhini.

## Kikilinganishwa na vifaa vingine

Katika pwani na bara la Afrika Mashariki vyombo vimesuguliwa kwa muda mrefu kwa dodoki, kumbi la nazi, majivu au mchanga laini, na kufutwa kwa tambara la kanga kuukuu. Dodoki ni tunda lililokaushwa la mmea wa jamii ya mung'unye, na kama pamba huoza likitupwa. Sponji za plastiki na waya wa chuma zimeenea sana siku hizi.

Kila kifaa kina mahali pake. Waya na kumbi huondoa ukoko wa ugali au wali ulioshika sufuriani, kazi ambayo kitambaa cha kimia hakiiwezi. Sponji hubeba sabuni nyingi lakini huhifadhi maji ndani yake na hukauka polepole. Tambara la kanga hunyonya vizuri na hukauka upesi, ila uso wake laini hausugui. Kitambaa cha kimia kipo katikati: matuta na kingo za matundu husugua mabaki mepesi bila kukwaruza glasi na sahani, na hewa hukikausha. Upungufu wake ni kwamba hunyonya maji machache kuliko kitambaa kizito, na hutumia saa kadhaa za kazi ya mkono.

Pamba yenyewe hulimwa kwa wingi Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita, ambako huitwa "dhahabu nyeupe".

## Tazama pia

* Pamba
* Ufumaji
* Kroshia
* Dodoki
* Usalama wa chakula